Msafiri na Hadhari Yake: Funzo kwa Waendao Somalia

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Katika miji yetu ya Meru, Maua na Embu, habari ya Mogadishu si habari ya mbali. Miraa ichumwayo Nyambene hufungwa, hukimbizwa Nairobi kwa gari na kupakiwa ndege katika Uwanja wa Wilson. Uholanzi ilipoipiga marufuku mwaka 2013, na Uingereza mwaka 2014, Somalia ndiyo iliyobaki kuwa tegemeo. Nayo ikafunga mlango Machi 2020, ikaufungua tena Julai 2022. Nyuma ya bidhaa huenda watu: mawakala, mafundi wa ujenzi, waalimu na wapishi. Juu ya hukumu ya miraa maulamaa wana maneno yao, na hapa sipo mahali pake. Swali la leo ni hili: anayelazimika kwenda katika nchi ya hatari, dini inamtaka afanye nini?

Hatari yenyewe haihitaji kutiwa chumvi. Tarehe 14 Oktoba 2017 lori lililojaa baruti liliua watu zaidi ya 500 mjini Mogadishu. Tarehe 2 Agosti 2024 waliuawa zaidi ya 30 katika ufuo wa Lido, watu waliotoka kupunga upepo tu. Wala hatari haikuishia mpakani: Novemba 2014 abiria 28 walitolewa katika basi huko Mandera wakauawa, na miongoni mwao walikuwamo waalimu waliokuwa wakirudi kwao likizo.

TAWAKKUL SI UZEMBE

Wako kati yetu wasemao, "Ajali haina kinga," kisha wakaondoka bila ya kuuliza wala kujiandaa. Neno hili ni la kweli likisemwa baada ya mtu kufanya wajibu wake. Likisemwa kabla ya hapo ni kisingizio. Sayyidna Umar (R.A.) alipokuwa akielekea Sham alipata habari kuwa kuna tauni, akashauriana na masahaba, akaazimia kurudi. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Umar akamjibu kuwa anaikimbia kadari ya Mungu kwendea kadari ya Mungu, akampigia mfano wa mchungaji mwenye bonde la pande mbili, moja lina majani na moja kavu: popote atakapolisha, ni kwa kadari. Basi kujihadhari nako ni kadari.

Na wako wengine wanaotoa fedha nyingi kununua hirizi ya safari, na hali fedha hizo zingetosha kulipia tiketi ya kurudi. Hirizi haizuii risasi. Dua ya safari haina bei, nayo ndiyo Sunna.

MAFUNZO YA QURANI NA SIRA

Nabii Yaakub (A.S.) aliwaagiza wanawe waliokwenda Misri wasiingie kwa mlango mmoja, bali kwa milango mbalimbali, papo hapo akakiri kuwa hukumu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Vijana wa Pangoni walipomtuma mwenzao kununua chakula, walimwusia awe mpole na asimjulishe mtu habari zao. Na Sala ya Khofu katika Suratin Nisaa inatufundisha kuwa kundi moja lisali na jingine lilinde. Ikiwa sala yenyewe imewekewa walinzi, itakuwaje safari ya biashara?

Tena tazameni Hijra ya mwaka 622. Mtume (S.A.W.) alikuwa na ahadi ya Mola wake, lakini alielekea kusini na hali Madina iko kaskazini, akajificha siku tatu katika Pango la Thaur, na akamwajiri Abdullahi bin Uraikit, asiyekuwa Mwislamu, kwa kuwa alikuwa mwaminifu na mjuzi wa njia.

YA KUSHIKA

Kwanza, pima haja. Kama riziki hiyo yapatikana Isiolo au Nairobi, kwa nini uifuate kwenye mizinga? Shauriana na wazazi na mke wako.

Pili, andika wasia, lipa au orodhesha madeni, na uache nakala ya pasipoti na ya mkataba nyumbani. Usiende kwa ahadi ya mdomo. Mjue mwajiri wako, na ujue nani atakayelipa gharama ya kukurudisha ukiugua.

Tatu, ingia kwa viza na kwa njia ya halali, na uupe Ubalozi wa Kenya habari zako. Viza ni amani uliyopewa, na mwenye kupewa amani huiheshimu sheria ya wenyeji.

Nne, ficha mwendo wako. Usitangaze saa ya kuondoka wala kutuma picha za ulipo. Usipige picha askari na vizuizi. Badili njia na saa, epuka kusafiri usiku, na usizoee kukaa katika hoteli na mikahawa wanamokutana wakubwa. Mripuko ukitokea usikimbilie kutazama, kwani mara nyingi hufuata wa pili.

Tano, msiende peke yenu. Mtume (S.A.W.) ameagiza watatu wakisafiri wamweke mmoja wao kuwa amiri. Wekeni na saa ya kupeleka habari nyumbani, ili kimya kijulikane mapema.

Sita, kijana akiitwa kuvuka mpaka kwa siri kwa jina la jihadi, au kwa kazi isiyo na jina, na awaulize wazee na maulamaa. Wito unaomtaka amfiche mama yake ni mtego.

HADHARI SI UCHOYO

Mtu asidhani kuwa kujihadhari ni kuokoa nafsi yake tu. Desemba 2015, karibu na El Wak, wauaji walisimamisha basi wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Waislamu wakakataa. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Sisi wa Meru na Embu tunasafiri na majirani wasio wa dini yetu. Mwenzako wa safari ni amana juu yako.

MASWALI YA DARASA

1. Ni ipi tofauti ya tawakkul na uzembe?
2. Kwa nini Mtume (S.A.W.) alimwajiri mwongozi asiyekuwa Mwislamu?
3. Ni nani katika mtaa wako aliye safarini, na ni nani anayejua habari zake leo?

Wabillahi taufiq.