Saa Nne Mjini Eldoret, Ukianzia Langas

Barabara ya kutoka uwanja wa ndege wa Eldoret inapita hapa kwetu Langas kabla ya kufika mjini, ndiyo maana wageni wangu huanzia kwangu. Agosti iliyopita nilimpokea binti wa shangazi kutoka Mombasa. Alitua asubuhi, na gari lake la Kitale lilikuwa la saa nane mchana. Wengi wakipata mwanya kama huo hukaa steji wakilinda mabegi. Huniuma sana, kwa maana mji huu unaonekana vizuri kwa miguu.

Usitembee na mizigo. Mgeni wangu wa kwanza tulilikokota sanduku lake mpaka gurudumu likang'oka, tukarudi hatujaona kitu. Mabegi yaache kwa mwenyeji, au kwenye ofisi ya basi utakalopanda, na risiti uitie mfukoni.

Kabla ya kupanda matatu, kunywa kitu Langas. Binti wa shangazi nilimpa mursik. Aliinamia kikombe akaona vichembe vyeusi vinaelea kwenye maziwa, akasita. Nikamweleza kwamba ni mkaa wa mti unaosuguliwa ndani ya kibuyu, ndio unaoyapa maziwa harufu ile. Kibuyu kama hicho ndicho wanachopokelewa nacho wanariadha wetu wakirudi na medali. Akamaliza, akaomba kingine.

Mjini, anzia Posta. Jengo la sasa si lile la mwanzo, lakini mji wenyewe ulianza kwa posta, iliyofunguliwa mwaka 1910 kwenye shamba nambari 64 la walowezi. Watu wakauita mji huo 64, na Wanandi wakasema Sisibo; wazee bado wanalitumia jina hilo. Jina la Eldoret lilikuja 1912, kutokana na neno la Kimaasai la mto wenye mawe. Basi teremka hadi mto Sosiani uyaone hayo mawe. Njiani msimulie mwenzako kisa cha benki ya kwanza: inasemekana sefu ilianguka kutoka kwenye gari la ng'ombe, ikawashinda watu kuinyanyua, ikabidi benki ijengwe kuizunguka pale pale.

Ukirudi juu, panda polepole. Tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. "Mbona moyo wanienda mbio hivi?" aliniuliza. "Pole dada, ni mwinuko," nikamwambia, tukasimama kando ya Uganda Road kutazama malori yanayoelekea Malaba, mpakani na Uganda. Reli nayo ilifika hapa 1924, ikielekea huko huko Uganda.

Muda ukibaki, nenda uwanja wa Kipchoge Keino, mshindi wa dhahabu za Olimpiki za 1968 na 1972. Usimwahidi mgeni kwamba mtaingia. Mwulizeni askari langoni kwanza. Mimi sokoni ningepita haraka tu, masoko yako kila mji.

Tangu Agosti 15, 2024, Eldoret ni jiji, la tano nchini, lakini katikati yake bado panazungukika asubuhi moja. Ukija kati ya Aprili na Agosti, hakikisha saa saba umeshafika steji, maana mvua yetu hupenda kunyesha alasiri.