Nyumba Mpya Inapomuumiza Mwenyewe: Funzo la Bodi za Jipsamu

Katika safu hii tumezoea kuzungumzia maji, choo, chakula na mbu. Leo tuangalie kuta na dari, kwani chini yake tunalala kila usiku, na mtoto mchanga hushinda humo mchana kutwa.

Kisa chenyewe kilitokea Marekani. Vimbunga vya mwaka 2004 na kile cha Katrina cha mwaka 2005 vilibomoa nyumba nyingi katika majimbo ya Florida na Louisiana, na wakati huohuo ujenzi wa nyumba mpya ulikuwa umepamba moto. Bodi za jipsamu, ambazo kwao ni ukuta wa ndani na si dari tu kama ilivyo kwetu, zikaadimika. Wafanyabiashara wakaagiza kutoka China. Nyumba zikajengwa, zikapakwa rangi, na watu wakahamia.

Haukupita muda mrefu ikaanza harufu ya yai viza. Viyoyozi vipya vikafa, vikatengenezwa, vikafa tena. Nyaya za shaba ndani ya soketi zikawa nyeusi kama masizi. Wenye nyumba nao wakalalamika macho kuwasha, koo kukereketa, kikohozi, kuumwa kichwa, kutoka damu puani, na wenye pumu kubanwa mara kwa mara. Tume ya serikali inayosimamia usalama wa bidhaa ilipokea malalamiko karibu 4,000 kutoka majimbo zaidi ya 40. Maabara ilipopima, baadhi ya bodi hizo zilikuwa zikitoa gesi ya haidrojeni salfaidi mara 100 kuliko bodi zisizotoka China. Joto na unyevu viliongeza gesi hiyo.

Hapa yafaa tuwe waadilifu. Watu walipofariki katika baadhi ya nyumba hizo, wataalamu wa afya wa serikali walichunguza vifo 11 na hawakuona kuwa bodi ndizo chanzo. Walichosema mwaka 2014 ni kwamba gesi kwa kiwango kile inaweza kuchochea maradhi ya njia ya hewa, hasa kwa aliye nayo tayari, pamoja na kuwasha macho na pua. Hatari nyingine, ambayo mgonjwa haisikii mwilini, ni shaba iliyoliwa ndani ya swichi, breka na kengele ya moshi. Ndiyo maana mwongozo ukawa kung'oa bodi zote pamoja na vifaa hivyo.

Alama iliyowasaidia wengi kugundua ni hii, nami naomba uishike: dalili zilipungua mtu alipotoka nyumbani, na zikarudi aliporudi. Kwa hiyo ukija kwetu zahanati na kikohozi kisichosikia dawa, utuambie kama kilitulia ulipokwenda kijijini wiki mbili. Utuambie pia kama umehamia nyumba mpya, umepaka rangi au umebadilisha dari. Usingoje uulizwe, foleni ni ndefu na tabibu husahau. Tena pua huzoea harufu. Mgeni akisema nyumba yako inanuka, usikasirike.

Sasa tuje kwenye madai, maana hapa ndipo wengi walipoumia mara ya pili. Makampuni mengi ya bima yalikataa kulipa. Kesi zikakusanywa mwaka 2009 katika mahakama moja mjini New Orleans. Waliokuwa na bodi za Knauf, kiwanda cha Tianjin kilicho chini ya kampuni ya Ujerumani, walifikiwa na suluhu mwaka 2011 na nyumba zao zikaanza kutengenezwa. Waliokuwa na bodi za Taishan walipewa hukumu mwaka 2010: familia saba za Virginia zilipwe dola milioni 2.6. Kampuni haikulipa, ikidai mahakama ya Marekani haina mamlaka juu yake. Mwaka 2014 ikatiwa hatiani kwa kuidharau mahakama. Suluhu ya dola milioni 248 kwa wenye madai dhidi ya Taishan ilikuja kuidhinishwa mwaka 2020. Tatizo lilikuwa moja, ila mmoja alitengenezewa nyumba mapema na mwenzake akangoja miaka kumi, kwa sababu ya jina lililopigwa mhuri nyuma ya bodi.

Waliosoma fiqhi watakumbuka khiyari ya aibu: aliyeuziwa kitu chenye kasoro iliyofichika ana haki ya kukirudisha, na kisiporudishika, adai tofauti ya thamani. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, nayo inamdai muuzaji bidhaa yenye ubora unaofaa. Lakini haki hizi zote zinamhitaji muuzaji anayejulikana. Kiwanda kiko mbali ng'ambo. Aliye karibu ni mwenye duka, na bila risiti atasema hakujui.

Sisemi kuwa bodi za Kariakoo zina salfa ile. Nasema fundi akishapiga skimu na rangi, mhuri hauonekani tena. Basi kabla hajapandisha bodi ya kwanza, igeuze, upige picha jina la kiwanda, nchi na tarehe. Marekani ilibidi watunge sheria, iliyosainiwa Januari 2013, kwamba kila bodi ibebe jina la kiwanda na mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Tazama kama ina alama ya ubora ya TBS. Dai risiti yenye jina la bidhaa, isiwe imeandikwa "vifaa" tu. Na fundi akimaliza, bakisha kipande kimoja chenye maandishi, ukihifadhi stoo pamoja na hati ya kiwanja.