Sukari ya Miezi Mitatu: Kipimo Kinapodanganya

Huenda umewahi kupimwa kisukari hapa Kisumu ukarudi nyumbani na karatasi iliyoandikwa HbA1c. Kipimo hiki hakiulizi ulikula nini asubuhi. Hueleza sukari yako ilivyokuwa kwa miezi miwili au mitatu iliyopita. Je, hujuaje?

Ndani ya chembe nyekundu za damu mna himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Sukari hujinasa kwenye protini hiyo, na haibanduki hadi chembe ifapo, baada ya siku 120 hivi. Kadiri sukari inavyozidi, ndivyo himoglobini nyingi inavyonaswa.

Maabara kuu zinazotumiwa kusahihishia mashine za hospitali huikata himoglobini kwa kimeng'enya, kisha hupima vipande kwa masispektrometa. Hiyo ni mizani ya molekuli: huzitia chaji ya umeme na kuzitenganisha kwa uzito. Kipande kilichonasa sukari huwa kizito zaidi kwa daltoni 162. (Mizani ya omena ya Kibuye haifiki huko!)

Sasa, kwetu kando ya ziwa kuna jambo jingine. Anthony Allison, aliyepima damu sehemu mbalimbali za Kenya mwaka 1949, alikuta urithi wa selimundu ni mwingi pwani na karibu na Ziwa Victoria, na haba nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza kuwa urithi huo, ukitoka kwa mzazi mmoja, humkinga mtu na malaria. Selimundu ni asidi amino moja tu iliyobadilika, ya sita katika mnyororo wa beta: glutamiki imekuwa valini. Na kimeng'enya kile hukata hapo hapo kwenye glutamiki. Kikikuta valini, hakikati.

Aliyerithi kwa wazazi wote wawili, chembe zake hufa mapema, kabla sukari haijakusanyika. HbA1c yake yaweza kusoma chini ilhali kisukari kinamla. Asiitegemee. Aliyerithi kwa mzazi mmoja hana shida kubwa hivyo, lakini uchunguzi wa Wamarekani weusi uliochapishwa 2017 ulionyesha HbA1c yao iko chini kwa karibu pointi 0.3 kuliko ya wenzao wenye sukari ile ile.

Ikiwa kwenu kuna selimundu, mwambie daktari kabla damu haijatolewa. Uliza kuhusu kipimo cha sukari kabla ya kula, au cha fruktosamini, ambacho huangalia sukari iliyonasa protini za majimaji ya damu kwa wiki mbili au tatu, bila kutegemea chembe nyekundu. Na kama una kiu isiyokatika na unaamka kukojoa kila mara usiku, rudi hospitali hata kama karatasi ina nambari nzuri.