Mezani Pasiwe na Kabila

Somo la vikundi vya nyumbani
Maandiko ya kusoma: Obadia 1:10-14, Matendo 6:1-7, 2 Wakorintho 8:1-5 na 16-21



Katika somo hili tunajifunza juu ya watu wanaojitolea kupeleka msaada kwa wenzao waliopatwa na vita na machafuko. Wengi wetu tunawajua watu hao kwa sura. Ndio waliotupa maji ya kwanza mpakani. Ndio walioandika majina yetu na kutukabidhi turubai na blanketi. Lakini mara chache tumekaa chini na kuuliza: Neno la Mungu linasema nini juu ya kazi hiyo? Na sisi tuliopokea, tunaitwa kufanya nini?

Tutajifunza kwa mfano mmoja wa kweli, uliotokea mpaka wa Kenya na Uganda mwaka 2008. Kila mmoja asome maandiko hapo juu kabla ya kuja kikundini.

1. YALIYOTOKEA BUSIA NA MALABA

Busia ni miji miwili yenye jina moja. Mmoja uko Kenya, mwingine Uganda, na katikati kuna mpaka. Kaskazini yake iko Malaba, upande wa Tororo, mahali ambapo reli kutoka Mombasa inaingia Uganda. Zamani, wakati wa utawala wa Idi Amin, Waganda walikimbilia Kenya. Baadaye Kenya ikawapokea Wasudani na Wasomali kule Kakuma na Dadaab. Watu walizoea kusema kwamba Kenya ni nchi ya kukimbilia, wala si nchi ya kukimbia.

Tarehe 30 Desemba 2007 matokeo ya uchaguzi wa rais wa Kenya yalitangazwa, na machafuko yakalipuka. Jirani alimgeukia jirani kwa sababu ya kabila lake na kura aliyodhaniwa amepiga. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliokimbilia humo, wengi wao kina mama na watoto. Mapatano ya amani yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008. Kufikia hapo watu zaidi ya 1,000 walikuwa wamekufa, na mamia ya maelfu walikuwa wamefukuzwa makwao.

Waliokuwa magharibi ya Kenya waliona mpaka wa Uganda uko karibu kuliko Nairobi. Wakavuka Busia na Malaba, wengine wakiwa na nguo walizovaa tu. Shirika la UNHCR lilikadiria kwamba watu wapatao 12,000 waliingia Uganda, na wengi wao walikuwa Wakikuyu. Wengine walikaa kwa jamaa au kupanga vyumba, wengine walilala katika shule. Kisha kituo cha muda kikafunguliwa Mulanda, wilaya ya Tororo. Baadaye wale walioogopa kurudi wakapelekwa Kiryandongo, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1990 kwa ajili ya Wasudani.

Ni nani waliowapokea? Pamoja na serikali na mashirika, walikuwapo watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wa Uganda. Waliandika majina, waligawa blanketi na vyombo vya kupikia, walifunga majeraha, na walisaidia waliopotezana na watu wao. Uganda yenyewe ilikuwa na shida mwezi huo, kwa maana njia ya Mombasa ilizibwa na reli ikang'olewa Nairobi, hata mafuta ya gari yakapanda bei sana. Lakini mgeni alipokelewa. Wazee wetu walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Sasa angalieni jambo moja ambalo wengi hawalioni. Mulanda iko katika nchi ya Jopadhola, na lugha ya Jopadhola ni ya ukoo mmoja na Kijaluo cha Kenya. Katika wiki zile siasa ya Kenya ilikuwa imewafanya Mkikuyu na Mjaluo waogopane. Basi Mkikuyu aliyekimbia Kenya alikuja kulala katikati ya watu ambao, akisikia wakisalimiana, masikio yake yalimkumbusha wale aliowaogopa. Na ni katika nchi hiyo alipopewa hema na chakula. Hapo ndipo somo letu linaposimama.

2. DHAMBI YA NJIA PANDA (Obadia 1:10-14)

Edomu alikuwa ndugu wa Yakobo. Siku Yerusalemu ilipoanguka, nabii anamshtaki kwa hatua zinazofuatana. Kwanza alisimama kando. Kisha akatazama na kufurahi. Kisha akaingia kuchukua mali. Mwisho akasimama kwenye njia panda ili awakamate waliokuwa wakikimbia.

Tazameni jinsi uovu unavyokua. Unaanza na mtu anayesimama tu kando ya barabara na kusema, "Hayanihusu." Unaishia na mtu anayemnyang'anya mkimbizi kifurushi chake.

Mpaka ni njia panda. Kila vita inapotokea, mpakani wanasimama watu wa namna mbili. Yuko anayepandisha nauli mara tatu na kununua ng'ombe wa mkimbizi kwa bei ya kuku. Na yuko anayesimama na jerikani ya maji na daftari la majina. Barabara ni moja, siku ni moja, na Mungu anawaona wote wawili. Anayejitolea amechagua kusimama palepale aliposimama Edomu, akatenda kinyume cha Edomu.

3. MANUNG'UNIKO YA MGAO (Matendo 6:1-7)

Tusidhani kwamba ugomvi wa mgao ulianza kambini. Ulikuwapo katika kanisa la kwanza. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, na wajane wa Waebrania walikuwa wanapata. Chakula kilikuwapo na upendo ulihubiriwa, lakini mezani palikuwa na lugha na asili. Mitume walifanya nini?

(a) Walisikiliza. Hawakuwaambia wajane wale kwamba ni watu wa kulalamika. Malalamiko ya mwenye njaa ni habari, na kiongozi mwenye hekima anaichunguza.

(b) Waliita mkutano wa wote. Jambo halikumalizwa na watu wachache gizani.

(c) Waliweka sifa za wagawaji: wawe na ushuhuda mwema, wamejaa Roho, wana hekima. Kugawa chakula ni huduma ya kiroho. Mtu asiyeaminika kwenye mizani hataaminika kwenye mimbari.

(d) Watu wenyewe ndio waliochagua. Na someni majina ya wale saba: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni majina ya Kiyunani! Yaonekana kanisa liliwakabidhi ufunguo wa ghala watu wa upande uliokuwa umesahauliwa. Waebrania walikubali kulishwa na mkono wa Wayunani. Hiyo ndiyo imani.

Tena angalieni mstari wa 7. Baada ya mgao kunyooshwa, Neno la Mungu likaenea. Luka ameyaweka mambo haya mawili pamoja kwa makusudi. Mahali ambapo mgao umepotoka, mahubiri yanakwama.

4. MSAADA HUFUATA UHITAJI

Msalaba Mwekundu wenyewe una historia inayogusa kanisa. Tarehe 24 Juni 1859 majeshi yalipigana Solferino, kule Italia, na majeruhi wengi wakapelekwa mji wa Castiglione. Kanisa kubwa la mji likajaa majeruhi. Henry Dunant, mtu wa Uswisi aliyekuwa safarini kwa biashara, aliwaona wanawake wa mji wakiwahudumia askari wa pande zote bila kubagua, wakisema wote ni ndugu. Kutokana na aliyoyaona akatoa wito wa kuwa na vikundi vya kujitolea katika kila nchi. Ndipo kazi hii ilipoanzia.

Kati ya kanuni saba za Msalaba Mwekundu, zilizotangazwa mwaka 1965, moja ni ya kutopendelea. Maana yake, mtu asaidiwe kwa kadiri ya uhitaji wake, bila kutazama taifa, kabila, dini wala siasa, na aliye katika hali mbaya zaidi atangulie.

Hapa wengi wetu tunakwazika, kwa hiyo tusome polepole. Kutopendelea si kumpa kila mtu kipimo sawa. Mama mwenye pacha wachanga, mzee asiye na mtoto, mtu asiyeweza kutembea, hao hutangulia au huongezewa. Mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani, WFP, lilianza hapa Uganda kugawa kwa makundi kulingana na uhitaji, kwa sababu fedha za wafadhili zilipungua. Familia nyingi ziliumia, na maumivu hayo ni ya kweli. Mtu anayeona amewekwa kundi lisilo lake ana haki ya kupeleka malalamiko kwa utaratibu. Lakini kusema, "Jirani amepata kwa sababu ni wa kabila la mgawaji," bila kuwa na hakika, ni kumshuhudia jirani uongo. Uliza kwanza.

5. MIKONO MISAFI (2 Wakorintho 8:16-21)

Paulo alikuwa mtume, lakini hakubeba sadaka ya maskini wa Yerusalemu peke yake. Alimtuma Tito pamoja na ndugu wengine walioaminiwa na makanisa, ili asiwepo mtu wa kuwalaumu. Alitaka mambo yawe safi mbele za Bwana, na mbele za wanadamu pia. Kama Paulo alihitaji mashahidi, mimi na wewe tunahitaji zaidi.

Kwa hiyo ndugu na dada mnaojitolea katika mgao, shikeni haya:
- Orodha isomwe kwa sauti mahali pa wazi.
- Mizani na kikombe cha kupimia vionekane na kila mtu.
- Asiwepo anayehesabu peke yake, na ndugu wa damu wasishike orodha na ghala kwa pamoja.
- Mwenye lugha nyingine apate mkalimani.
- Mwanamke asiombwe kitu chochote, wala fedha wala mwili wake, ili apate haki yake. Anayefanya hivyo ashtakiwe kwa polisi na kwa shirika husika. Kanisa lisimfiche.

Na sisi tunaopokea tuna sehemu yetu. Mwaka 2018 wakimbizi walioko Uganda walihesabiwa upya kwa alama za vidole, baada ya kuwapo tuhuma kwamba idadi ilikuwa imeongezwa. Hesabu ikashuka kutoka takriban milioni 1.4 hadi karibu milioni 1.1. Jina la uongo kwenye orodha huondoa chakula kinywani mwa mtoto wa kweli. Tena humvunja moyo mtu wa mbali aliyetoa kidogo alichokuwa nacho. Mkristo asiwe na kadi mbili.

6. NA SISI TUNAITWA

Katika 2 Wakorintho 8:1-5 Paulo anawasifu Wamakedonia. Walikuwa katika taabu na umaskini mkubwa, lakini waliomba wenyewe nafasi ya kusaidia. Hawakungoja mpaka watajirike.

Mkimbizi anaweza kuwa mtu wa kujitolea. Mama anayemtafsiria mgonjwa zahanati anajitolea. Kijana anayembebea bibi kizee gunia la mahindi kutoka uwanja wa mgao anajitolea. Familia inayompa mgeni aliyefika usiku mahali pa kulala, kabla hajapimiwa kiwanja chake, inafanya kazi ileile iliyofanyika Busia na Malaba.

Lakini nisiseme mambo mepesi tu. Katika kanisa letu wamo ndugu ambao makabila yao yanapigana nyumbani. Tunapokea meza ya Bwana pamoja siku ya Jumapili. Siku ya mgao tunapanga mistari kwa kabila. Mtume asingekaa kimya, na mimi siwezi kukaa kimya. Anakuja mtoto mwenye bakuli, jina lake linafanana na jina la aliyekuchomea nyumba. Huyo mtoto hakuchoma nyumba. Ana njaa. Utampimia kikombe kilichojaa au kilichopunguka? Hakuna mhubiri anayeweza kukujibia swali hilo. Litajibiwa na mkono wako, na Bwana atakuwa anatazama.

Kusamehe kunaweza kuchukua miaka. Bwana anajua, naye ni mvumilivu kwetu. Kikombe kilichojaa unaweza kukitoa leo, hata moyo ukiwa bado unauma.

MASWALI YA KUJADILI

1. Soma tena Obadia 1:10-14. Taja hatua za dhambi ya Edomu. Ni hatua ipi inayotujaribu zaidi hapa tulipo?
2. Kwa nini wale saba wa Matendo 6 walikuwa na majina ya Kiyunani? Jambo hilo linatufundisha nini tunapochagua kamati?
3. Kuna tofauti gani kati ya kutopendelea na kumpa kila mtu sawasawa?
4. Ni nani katika mtaa wetu anayesahauliwa siku ya mgao kwa sababu ya lugha, ulemavu au uzee? Taja jinsi kikundi chako kitakavyomsaidia mgao ujao.

KAZI YA KUFANYA

Kila kikundi kichague watu wawili, wa makabila mawili tofauti, waende pamoja siku ya mgao kuwasaidia wazee na wagonjwa kubeba mizigo. Wasiende wawili wa kabila moja.

TUOMBE

Tuwaombee wote wanaojitolea mahali penye vita, ili Bwana awalinde njiani. Tuwaombee wenyeji waliotupokea. Tuombee amani makwetu. Na tuombe tupewe mikono misafi na macho yasiyoangalia kabila.

Neema ya Bwana iwe nanyi nyote. Amina.