Mimea Ifukuzayo Wadudu, na Mahali pa Kila Mmoja

Mkulima wa Mwanza hulima mahindi mara moja, lakini huyapigania mara mbili: shambani na funza wa mabua, kisha ghalani na fukusi na dumuzi. Usiku mbu nao huja kudai haki yao. Dawa za dukani zataka fedha. Basi twapenda kuwaeleza wazee, walimu na wakulima habari za mimea ifukuzayo wadudu, na kuonyesha kuwa kila mmoja una mahali pake. Ukiwekwa pasipo pake huleta hasara.

Kwanza, shambani. Huko Mbita, upande wa Kenya wa ziwa letu hili hili, wataalamu wa wadudu wa kituo cha icipe, pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walianzisha katika miaka ya 1990 kilimo cha kusukuma na kuvuta. Kati ya mistari ya mahindi hupandwa desmodiamu, jani la jamii ya kunde, ambalo harufu yake humfukuza nondo azaaye funza. Kuzunguka shamba hupandwa mabingobingo, ambayo humvuta nondo akatage humo. Na funza wengi hufa kwa utomvu wake unaonata. Tena mizizi ya desmodiamu huzuia kiduha, gugu linyonyalo mizizi ya mahindi na mtama. Majani yote mawili ni chakula cha ng'ombe. Lakini yakatwe na kupelekwa zizini, ng'ombe wasiachwe kuingia shambani.

Pili, nyumbani. Kivumbasi kipandwe karibu na mlango na madirisha. Wataalamu walipojaribu mimea hai ya jamii hiyo ndani ya vyungu huko Mbita, mbu walipungua kiasi cha theluthi moja. Wale waliobaki watosha kuleta malaria; kwa hiyo kivumbasi ni msaidizi wa chandarua, wala si badala yake.

Tatu, ghalani. Majani ya utupa hukaushwa kivulini, husagwa, na unga wake huchanganywa na maharagwe ya mbegu ili yasitobolewe. Lakini sumu yake, iitwayo rotenoni, ndiyo ile itumiwayo tangu zamani kuua samaki. Humzuia samaki kuitumia hewa aivutayo, wala haichagui sato mkubwa na kifaranga. Mtu mmoja akiitia majini kwa kitoweo cha leo, huwanyima jirani zake kitoweo cha mwakani. Na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 yakataza kuvua kwa sumu. Basi utupa usipandwe kando ya kijito, vyombo vyake visioshwe ziwani, na unga wake uwe mbali na watoto. Mbegu zilizotiwa dawa hiyo zisipikwe.

Walimu waweza kulifundisha jambo hili kwa macho. Chukueni vibuyu viwili vya maharagwe ya mbegu; kimoja kitiwe unga wa utupa, cha pili kisitiwe kitu. Baada ya miezi mitatu hesabuni punje 100 za kila kibuyu, mwone ngapi zimetobolewa. Kisha waiteni wazazi waje kuhesabu wenyewe, maana mkulima huamini zaidi alichokishika mkononi.