SOMO: UMEME, MAJI NA GESI NDANI YA GARI-NYUMBA LA KUKODI

Kila likizo ya Pasaka ikikaribia swali ni lile lile: twende wapi, na tulale wapi kwa pesa ya mwanafunzi? Kwetu sisi hapa Uingereza jibu moja ni kuchangishana na kukodi gari-nyumba, yaani lile gari lenye vitanda, jiko, friji na choo ndani, ambalo wenyeji wanaliita motahomu. Mkiwa wanne au watano mkagawana gharama, mnaweza kuzunguka Scotland wiki nzima bila kulipa hoteli hata siku moja.

Lakini jamani, gari hili si daladala wala matatu. Ni nyumba ndogo yenye mambo yake. Mwaka ule tulipokodi la kwetu, yule bwana wa ofisini alituonyesha kila kitu kwa dakika kumi, na sisi tukawa tunaitikia tu "yes, yes" ili tuondoke haraka. Usiku wa pili tulikuwa gizani, kuku ameharibika kwenye friji, na mwisho wa safari sehemu ya amana yetu haikurudi. Kuuliza si ujinga. Basi tuanze somo.

1. UMEME: UKO WA AINA MBILI

Umeme wa kwanza ni wa volti 12, unaotoka kwenye betri ya nyumba. Hii si ile betri ya kuwashia injini, ni nyingine kabisa. Kazi yake ni taa, pampu ya maji, feni ya hita na kuchaji simu. Inajazwa injini inapotembea, au mkichomeka waya wa kambini, au kwa sola kama ipo juu ya paa.

Umeme wa pili ni wa volti 230, kama wa nyumbani. Huu unatoka kwenye nguzo ya kambi kwa waya mrefu wenye plagi ya buluu. Soketi za ukutani za pini tatu zinategemea huu. Kwa hiyo ukiegesha porini ukachomeka pasi na isipate moto, usiseme gari bovu. Hakuna umeme wa aina hiyo pale, ndiyo maana.

Namna ya kuunganisha: chomeka kwanza upande wa gari, halafu upande wa nguzo. Kuondoka ni kinyume: chomoa kwanza nguzoni, ndipo gari. Na waya ukiwa umeviringishwa, ufungue wote hata kama nguzo iko karibu, kwa sababu ukibaki umeviringishwa unapata joto na unaweza kuyeyuka.

Sasa hesabu, ile ya kidato cha pili: volti mara ampia ni wati. Nguzo nyingi za kambi zinatoa ampia 10 au 16. Ampia 10 mara volti 230 ni wati 2,300 tu. Birika la umeme la nyumbani linakula wati 2,200 mpaka 3,000. Ukiwasha birika la 2,200 na hita ya wati 1,000 pamoja, umeomba 3,200. Swichi ya nguzo inaruka, na pengine kisanduku kimefungwa kwa kufuli, mnamsubiri mlinzi wa kambi hadi asubuhi. Kitu kimoja kwa wakati mmoja, basi.

Na ile sufuria ya umeme ya kupikia wali? Hapa ndipo sisi tulipokwama. Mwenzetu alikuja na inveta, kile kidude cha kugeuza volti 12 kuwa 230. Tazama: betri ya kawaida ya maji ya asidi yenye ampia-saa 100 haifai kutumiwa zaidi ya nusu, la sivyo inakufa mapema. Nusu ni ampia-saa 50, sawa na wati-saa 600. Sufuria ya wati 700 inaimaliza hata kabla ya saa moja kuisha. Wali uliiva nusu, taa zikazimika, na pampu ya maji nayo ikanyamaza. Wali pikieni gesi.

2. GESI NA FRIJI

Mtungi wa gesi unaendesha jiko, mara nyingi hita na boila ya maji ya moto pia, na friji mkiwa hamna umeme wa nguzo. Kwa nchi za baridi takeni mtungi wa propani. Gesi ya butani ikifika karibu na nyuzi sifuri inagoma kutoka mtungini, hata kama mtungi umejaa.

Friji ya magari mengi haya ina njia tatu: volti 12 gari likitembea, volti 230 kambini, na gesi mkiwa mmeegesha bila nguzo. Mpya zinachagua zenyewe, za zamani unageuza swichi kwa mkono. Kuku wetu aliharibika hivi: tulisimama mchana kutwa, injini imezimwa, friji ikabaki kwenye volti 12. Pia friji hii inataka gari lisimame sawasawa, lisiinamie upande, maana dawa ya ndani yake inazunguka kwa joto na kwa kushuka yenyewe. Iwasheni saa kadhaa kabla ya kupakia chakula.

Mkitaka kuondoka, fungeni mtungi kama mwenye gari alivyowaelekeza. Mkiingia kituo cha mafuta, zimeni kila kinachotumia gesi, friji ikiwemo. Mwali wake uko hai hata kama hamuuoni.

3. MAJI NA CHOO

Tangi la maji safi mara nyingi ni kama lita 100. Waliokulia kwenye mgao wa maji Dar au Nairobi hapa wana digrii tayari! Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi likijaa mmebeba kilo 100, na gari lina kikomo cha uzito. Kuoga ni hivi: lowana, funga, jipake sabuni, fungua, suuza. Ukiacha bomba wazi dakika kumi, wenzako watapiga mswaki kwa soda.

Maji machafu ya sinki na bafu yanaingia tangi jingine, na humwagwa pahali palipotengwa kambini. Choo kina kasha lake linalochomolewa kwa nje. Tia dawa, na taa ikiwaka kuonyesha limejaa, lipeleke panapohusika. Si kichakani wala mtoni, tafadhali. Na mpira wa kuoshea kasha la choo usiutumie kamwe kujazia maji ya kunywa.

Jambo moja linawatisha wengi: usiku wa baridi mnasikia maji yanamwagika chini ya gari. Boila nyingi zina valvu inayojifungua yenyewe joto likishuka karibu na nyuzi 3, ili maji yasigande na kuipasua. Washeni hita, gari lipate joto, kisha funga valvu na ujaze upya.

4. HILI USILISAHAU

Nimeliweka mwisho makusudi. Usiku ule wa giza baridi ilikuwa kali, na hita nayo haikuwaka kwa kukosa feni. Nje tulikuwa na trei ya mkaa tuliyochomea nyama, makaa bado mekundu. Mmoja wetu akasema, "Tuiingize ndani tufunge mlango, tutapata joto." Dada mmoja wa Makete akasimama mlangoni: "Kaka, kwetu watu wamelala na jiko la mkaa wakaamka marehemu. Haingii humu." Tukanuna, tukavaa makoti yote tuliyokuwa nayo. Leo namshukuru.

Mkaa, hata unapoonekana umekufa, unatoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na mkipatwa wote kwa pamoja si malaria wala uchovu. Tokeni nje mara moja, fungeni gesi kama mnaifikia bila kurudi ndani, na pigeni 999. Kwa hiyo: mkaa usiingie kamwe ndani. Jiko la gesi si la kuotea moto. Matundu ya hewa ya sakafuni na juu msiyazibe kwa nguo hata upepo ukiuma, kwa kuwa gesi ikivuja hutokea kwa yale ya chini. Na kabla ya kuchukua ufunguo, bonyezeni kitufe cha kujaribu king'ora cha hewa hiyo. Kama hakilii, msiondoke mpaka mpewe kingine.

Basi, siku ya kukabidhiwa gari, chukueni simu mrekodi maelezo yote, na kila mmoja awashe kitu kimoja kwa mkono wake mbele ya mwenye gari. Mkiona aibu kuuliza pale, mtauliza gizani ambako hakuna wa kujibu. Safari njema, na mturudie salama.