Kambi ya Watoto Wenye Kisukari na Kazi ya Waganga Wake

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike somo la afya. Mimi nilikalia madawati hayo hayo mnayokalia ninyi sasa, na leo ni mwuguzi. Nimeona nisiandike habari za malaria, kwani hizo mmefundishwa hata mmechoka. Nitaandika habari za juma moja nililotumika katika kambi ya watoto wenye ugonjwa wa kisukari. Kambi ile haikuwa Newala wala Masasi. Ilikuwa mbali na huku kwetu, nami nilikwenda kwa likizo yangu. Lakini niliyojifunza kule yanahusu mabweni ya shule kuliko mnavyodhani.

Kwanza yafaa tuujue ugonjwa wenyewe. Nyuma ya tumbo la chakula mna kiungo kiitwacho kongosho. Kazi yake moja ni kutengeneza insulini. Ugali tulao hugeuka sukari na kuingia katika damu, na insulini ndiyo iiwezeshayo sukari ile kutoka katika damu na kuingia mwilini ifanye kazi. Fikirini ghala la korosho siku ya kupokea mali: magunia yamefika, barabara imejaa, lakini mwenye funguo hayupo. Nje mali tele, ndani hamna kitu. Ndivyo alivyo mtoto asiye na insulini. Damu yake imejaa sukari, naye afa kwa njaa.

Watu wazima wengi wenye kisukari wana kile cha aina ya pili, ambacho insulini ipo lakini haifanyi kazi sawasawa au haitoshi. Cha watoto kwa kawaida ni cha aina ya kwanza. Hapo kinga ya mwili wenyewe imeziharibu chembe zinazotengeneza insulini, na haitengenezwi tena. Hakiletwi na kula pipi, hakiambukizi, wala si kazi ya mchawi.

Dalili zake ni kiu kubwa, kukojoa mara kwa mara, kukonda na kuchoka. Zamani Newala, wakati akina mama walipokuwa wakiteremka ukingo wa uwanda kufuata maji bondeni na kupanda nayo kichwani, mtoto anywaye mtungi peke yake hakuweza kufichika. Siku hizi hafichiki vile vile, ila watu husema ana tamaa, na akikojoa kitandani huchapwa. Asipopata insulini, asidi hujaa katika damu. Hutapika, huvuta pumzi kwa nguvu, na pumzi yake hunuka kama matunda yaliyoiva mno. Kisha huzimia, na baada ya hapo hufa. Wengi wamekufa wakidhaniwa wana malaria kali. Kipimo chake ni tone moja la damu ya kidoleni, na jibu hutoka kabla hamjamaliza kusalimiana. Mzazi akiziona dalili hizi, amwahishe mtoto hospitali siku hiyo hiyo, iwe ya Newala, Mkomaindo au Ndanda, na aseme wazi, "Naomba apimwe sukari."

Kabla ya 1922 hakukuwa na dawa. Mwezi Januari wa mwaka huo, katika mji wa Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alidungwa insulini iliyotokana na kazi ya Banting na Best, naye akawa wa kwanza kupona mauti kwa dawa hiyo. Miaka mitatu tu baadaye, 1925, daktari mmoja wa Marekani, Leonard Wendt, alifungua kambi ya watoto wenye kisukari katika jimbo la Michigan. Mwaka 1929 ikafuata nyingine katika jimbo la Ohio. Wao hufanya kambi hizi wakati wao wa joto, kati ya Juni na Agosti, shule zikiwa zimefungwa. Baadaye zikaenea duniani, na hata Afrika ya Mashariki zimekwisha kufanywa.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini kambi? Mtoto si angetibiwa kwao? Nami niliuliza hivyo, mpaka nilipomwona msichana wa miaka 9 aliyefika akiwa hajawahi kumwona mtu mwingine mwenye ugonjwa wake. Alidhani yuko peke yake duniani. Mama yake ndiye aliyemdunga kila siku, naye hukimbilia nyuma ya nyumba. Asubuhi ya pili aliketi mkekani na wenzake kumi, kila mmoja na bomba lake la sindano. Mdogo wake kwa umri akajidunga pajani huku akizungumza. Msichana yule akatazama, akanyamaza, akanyosha mkono akataka lake. Hakuna dawa wala maneno yangu yaliyoweza kufanya hivyo.

Sisi huku kusini tusione hilo kuwa jambo geni. Baada ya mavuno, kipupwe kinapovuma, watoto wa Wamakonde, Wamakua na Wayao wamekuwa wakiingia jandoni, na mengi hufunzwa kule kwa sababu tu wanafunzwa pamoja, mbali na mama zao. Na daktari mwenye mapenzi ya kambi tumepata kuwa naye pia. Leader Stirling alifika Lulindi, wilaya ya Masasi, mwaka 1935, akapasua wagonjwa katika majengo ya miti na nyasi. Baadaye akawa Waziri wa Afya, 1975 hadi 1980, na tena Skauti Mkuu wa nchi. Sijasikia kwamba alifanya kambi ya kisukari, lakini nadhani angeipenda.

Sasa kazi yenyewe. Tulikuwa na watoto 40, daktari mmoja aliyetuongoza, wauguzi, bibi mmoja mjuzi wa lishe, na vijana waangalizi ambao baadhi yao wana kisukari wenyewe. Hao vijana ndio waliotufaa kuliko wote, maana mtoto hudanganya mwuguzi lakini hamdanganyi mwenziwe. Kila mtoto alipimwa mara 6 kwa siku: kabla ya kila mlo, baada ya michezo, kabla ya kulala, na usiku wa manane. Haya, wanafunzi wa hesabu: 40 mara 6 ni 240 kwa siku, na kwa siku 7 ni vijipande 1,680 vya kupimia. Huko makwao wengine hupata kijipande kimoja kwa siku, na wengine hawapati kabisa. Tangu 2009 uko mpango uitwao Changing Diabetes in Children unaotoa insulini na vifaa bure kwa watoto wa nchi zenye uhaba, na Tanzania imo. Lakini kutoka kijijini mpaka kliniki ni safari, na nauli haitolewi na insulini.

Kila kipimo kiliandikwa, na kila dozi ilisomwa na watu wawili kabla haijadungwa. Insulini inayotumika sana kwetu ina yuniti 100 katika kila mililita, na bomba la sindano lazima liwe la 100 vile vile; ukichukua bomba lisilolingana nayo, unaweza kumdunga mtoto zaidi ya mara mbili ya dozi yake bila kujua. Insulini nyeupe kama maji ya mchele huviringishwa viganjani, haitikiswi. Mahali pa kudunga hubadilishwa, leo paja, kesho tumbo, ili ngozi isifanye uvimbe.

Katika chakula, bibi wa lishe hakumkataza mtoto ugali. Alimfundisha kuupima kwa bakuli lile lile kila siku, aujue uzito wake katika damu. Bakuli la ugali wa muhogo lapandisha sukari kwa haraka; kunde na mbaazi zapandisha polepole. Embe si haramu, ila lahesabiwa.

Nimefika penye jambo nililolikusudia. Kabla sijaenda nilidhani hatari ya kisukari ni sukari kuzidi tu. Kambini hatari iliyotukosesha usingizi ilikuwa ni sukari kupungua. Mtoto wa kambi hukimbia, hupanda, huogelea kuliko siku zake zote, na misuli ifanyayo kazi hula sukari. Kwa hiyo daktari hupunguza insulini ya watoto wengi tangu siku ya kwanza, labda sehemu ya kumi au zaidi. (Hili ni la daktari, mwanafunzi asijaribu mwenyewe.) Tena misuli ina tabia ya kudai deni lake baadaye. Saa nyingi baada ya mchezo huendelea kuvuta sukari kutoka katika damu ili kujaza akiba yake, mtoto akiwa amelala fofofo.

Siku ya nne jioni palikuwa na mpira, ukachezwa mpaka jua likazama. Mshambuliaji hodari alikuwa kijana wa miaka 13. Kabla ya kulala sukari yake ilikuwa 6.1. Kwa siku ya kawaida hiyo ni namba nzuri, nami nikaiandika, nikapita. Daktari alikuwa ametuagiza kwamba siku ya michezo, yeyote aliye chini ya 7 ale kitu kabla ya kulala. Nililisikia agizo lile kwa masikio yangu. Nilichoka, nikasahau.

Saa nane za usiku nilipita na tochi. Shuka zake zilikuwa zimelowa, nikadhani amekojoa. Nikamgusa: lilikuwa jasho, na ngozi baridi. Nikamwita, akanisukuma, akasema maneno yasiyo na maana. Nikampima: 2.3. Chini ya 4 ni hatari. Kwa kuwa aliweza kumeza, nikampa vijiko vitatu vya sukari ndani ya maji kidogo, nikakaa kitandani pake nikitazama saa. Dakika 15 zile sijapata kuona ndefu kama hizo. 3.4. Nikampa tena kiasi kile kile, nikangoja tena: 5.2. Ndipo nikampa kiazi na maziwa ili isishuke tena, na baada ya saa moja nikampima mara nyingine. Asubuhi hakukumbuka lolote, akauliza ni nani aliyemlisha sukari usiku.

Kama angekuwa amezimia, nisingetia kitu kinywani mwake, kwani angepaliwa akafa. Ningemlaza ubavu, nikamwita daktari amdunge glukagoni au amtie maji ya glukosi mshipani. Daktari hakunigombeza. Alinipa zamu ya usiku siku zote zilizobaki.

Basi fikirini mabweni ya shule. Bweni ni kambi ya miezi mingi: mpira upo, shamba lipo, chakula huchelewa, na usiku hakuna apitaye na tochi. Mwanafunzi mwenye kisukari akianza kupepesuka na kusema ovyo, huku kwetu wakati wa mabibo watu watasema amekunywa uraka, na huenda akapelekwa kwa mwalimu wa zamu badala ya kupewa sukari. Rafiki mwema atampa korosho za kukaanga. Korosho ni chakula bora, lakini nyingi yake ni mafuta, na haipandishi sukari upesi. Utamletea nyingine huku anazimia. Mpe sukari, soda ya kawaida au asali, mradi aweza kumeza, kisha chakula.

Wazazi hunishika sana kwa swali la barafu. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa katika friji, isigande, kwani ikiganda imekufa. Iliyofunguliwa yaweza kukaa nje ya friji kama juma nne, mbali na jua na jiko. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa matokeo ya majaribio yaliyotokana na hali ya joto katika makambi ya wakimbizi ya Dadaab, Kenya: insulini iliyokaa juma nne katika joto la digrii 25 mpaka 37 haikupoteza nguvu zake. Hata hivyo ni vyema kuipoza. Chukua chungu kidogo, kiweke ndani ya chungu kikubwa, jaza mchanga katikati, mwagia maji mchanga huo asubuhi na jioni, na insulini uitie katika kopo kavu ndani ya kile kidogo, ufunike, ukiweke kivulini penye upepo.

Na mwanafunzi mwenye ugonjwa huu akipokewa shuleni, mzazi asimfiche. Amwambie mwalimu mkuu, matroni na mwalimu wa michezo. Kitanda chake kiwe karibu na kiranja wa bweni, naye kiranja afundishwe dalili. Siku ya mechi ale kabla ya kucheza na tena kabla ya kulala. Na kopo lake la sukari likae chini ya mto wake mwenyewe, si kabatini kwa matroni, kwani saa nane za usiku kabati limefungwa na mwenye ufunguo amelala.